Mabuti ya Mwalimu

Ndugu msomaji mwenye mke mwenye msimamo, sogea hapa kando yangu tuzungumze. Wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Mwalimu, aliamua kupanda Mlima Kenya. Hakuniuliza, alinijulisha, huku ananimiminia chai, na kikombe kilipojaa jambo lilikuwa limekwisha. Mimi na wewe tunajua kwamba mke akishakwambia neno mkono wake ukiwa kwenye birika, kilichobaki ni kunywa.

Chanzo ni mtoto wa shule. Mwalimu anafundisha jografia hapa Ukunda, na kila mwaka akifika kwenye somo la milima huchora ubaoni vilele vya Batian, Nelion na Lenana, akaiweka na barafu ya Lewis mahali pake, akawaeleza watoto kwamba barafu hiyo iko jirani kabisa na ikweta na kwamba inazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Basi mtoto mmoja wa dawati la nyuma akamuuliza: "Mwalimu, wewe umeiona?" Swali hilo alirudi nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo. Nikajua safari ipo.

Walimu wenzake wa chama wakapanga. Likizo ya Agosti, kupitia lango la Sirimon, walale kambi ya Old Moses kwenye mita 3,300, kisha Shipton kwenye mita 4,200, halafu Lenana yenyewe, mita 4,985, ambako watu huanza kupanda kama saa tisa usiku ili jua liwakute juu. Koti unaweza kuazima. Mfuko wa kulalia unaweza kukodi Nanyuki. Mabuti pia yanakodishwa, lakini Mwalimu alikataa, na hapo nilimuunga mkono bila kusita, kwa sababu kiatu kilichokwisha kukubaliana na mguu wa mtu mwingine kina mabonde na vilima vya mtu huyo, na wewe utakuja kuvigundua gizani, kwenye kokoto, kitanda chako kiko Ukunda.

Ndipo alipoingia Injinia.

Injinia ni shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu. Anahudumia jenereta za hoteli moja huko Diani, na kwa sababu hiyo ana maoni juu ya kila chombo kilichotengenezwa na binadamu. Akatangaza kwamba mabuti atayatafuta yeye, kwenye mitumba ya Kongowea, asubuhi robota likifunguliwa, mtu akiwahi kamera, yaani vile vizuri vinavyochaguliwa kwanza. Akavuka feri ya Likoni alfajiri, akarudi adhuhuri na mabuti ya ngozi ya kahawia, mazuri kwelikweli, hayana mkwaruzo. Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, akayageuza huku na huku, akasema, "Haya hayajavaliwa hata siku moja." Alisema kweli, na hapo hasa ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Mabuti mengi ya mlima, kati ya soli ngumu ya chini na ngozi ya juu, yana sponji ya poliyurethani. Sponji hiyo huoza kwa unyevu wa hewa tu. Haingoji kiatu kitembee. Kikikaa kabatini miaka na miaka, hasa mahali penye unyevunyevu, inamomonyoka kimyakimya huku ngozi ya juu inang'aa. Mwalimu aliyavaa kwenda dukani. Alipofika karibu na msikiti kisigino cha kulia kikaanza kuachia vipande, na kabla hajalifikia duka soli nzima ya kushoto ikabaki nyuma barabarani. Kasuku, kitindamimba wetu, alikuwa amemshika mkono. Akaiokota, akaibeba kichwani mpaka nyumbani huku anaita, "Soli ya mama! Soli ya mama!" Majirani wakatoka milangoni kuja kuiona.

Kwa hivyo wewe mwenzangu ukinunua mabuti ya zamani, usitazame ngozi. Tazama ubavu wa soli. Bonyeza kwa ukucha: sponji ikiacha shimo lisilorudi, au ikiwa na nyufa nyembambanyembamba, au ikitoa ungaunga, mrudishie mwenyewe hata kama ni bei ya kutupa. Injinia alisema ni bahati mbaya. Tukamwacha aseme.

Mabuti ya pili Mwalimu alinunua mwenyewe, mapya, Mombasa, kwa zamu yake ya pesa za chama. Mimi nilikuwa mbeba mikoba, kwa hivyo niliona kila kitu. Alikwenda jioni, baada ya kusimama darasani kutwa, kwa maana mguu huvimba kadiri siku inavyosonga, na mlimani utavimba zaidi. Alikuwa na soksi zake nene za sufu mkobani, zilezile atakazopandia. Akavaa, hakufunga kamba, akausukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kisha akaniambia nitie kidole changu nyuma ya kisigino. Kikaingia kimoja, kwa raha. Muuzaji akasema namba ndogo kidogo ingempendeza zaidi. Mwalimu akamtazama kama anavyomtazama mtoto aliyesahau daftari. Mguu wake wa kulia umeuzidi wa kushoto, na watu wengi tuko hivyo, akachagua kwa kuufuata mkubwa. Halafu akashuka ngazi za duka, akapanda, akashuka, akapanda, mpaka bawabu akaacha mlango akaja kutazama.

Sasa, mabuti mapya ya ngozi hayaujui mguu wako. Lazima yafundishwe, na shule yake ni nyumbani, kwa sababu nyumbani ukiumia unavua. Mwalimu alijiwekea mpango: kwanza ndani ya nyumba, kisha sokoni, kisha matembezi marefu, kisha mzigo mgongoni. Na kila mara kamba zifungwe sawasawa, hata kama anakwenda jikoni tu, maana ngozi hujikunja pale vidole vinapopinda, na mikunjo ya siku za mwanzo ndiyo inayodumu. Ukiyaburuta mabuti mapya kamba zikiwa zimelegea, yatajikunja vibaya na yatabaki hivyo.

Fikiria basi mke wangu, amevaa dera la maua, amejifunga leso kiunoni, anasukuma mahamri, na chini ana mabuti ya kupandia mlima na soksi za sufu. Mwezi wa Juni, masika bado yanadondokadondoka, jikoni kuna joto la makaa na karai la mafuta. Bi Mkubwa akaja sebuleni kuniona mimi.

"Mwanangu, umeona wapi mwanamke akaingia jikoni na kiatu cha askari?"

"Mama, anayazoeza."

"Anayazoeza nini? Mbio?"

Kwetu pwani viatu huvuliwa mlangoni, wewe unajua. Kuvaa kiatu ndani ya nyumba ni jambo ambalo Bi Mkubwa hajawahi kuliruhusu tangu azaliwe. Ikabidi Hakimu, binti yetu wa kwanza, mwenye kupenda kanuni kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona, aandike sheria na kuzibandika kwenye friji: mabuti yafutwe kwanza, yasikanyage mkeka, yasisikike baada ya saa nne usiku. Mwalimu akatia sahihi. Bi Mkubwa naye akatia dole gumba, ingawa anaandika vizuri tu, kuonyesha kwamba amekubali kwa shingo upande.

Suala la soksi liliwashangaza wengi. Mbona sufu, na joto lote hili? Lakini pamba hunywa jasho na kulishikilia, na ngozi ya mguu iliyolowa hulainika ikachubuka upesi. Sufu hata ikilowa haigandamani na mguu namna hiyo. Tena kiatu kinachozoezwa kwa soksi nyembamba kitakubana siku ya kuvaa nene. Mwalimu alikuwa akibadilisha soksi adhuhuri, akianika zile za asubuhi kwenye kamba kando ya leso za mama yake, na Bi Mkubwa akizihamisha kamba ya pili, na Mwalimu akizirudisha. Hawakuzungumza lolote juu ya jambo hilo. Mimi nilikuwa nikipita katikati kwa adabu.

Malengelenge, mwenzangu, hayaanzi kwa maumivu. Huanza kwa joto mahali pamoja, joto dogo tu la kukera, na watu wengi hulipuuza kwa sababu wamekaribia kufika. Siku moja tunatoka sokoni, nimebeba nazi na mkungu wa ndizi, Mwalimu akasimama ghafla, akaketi kwenye benchi la kibanda cha mahamri, akavua buti mbele ya wanafunzi wake waliokuwa wakipita, akatoa plasta mkobani, akaibandika nyuma ya kisigino, akailainisha kwa kidole gumba mpaka isiwe na kikunjo hata kimoja. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaitikia, "Marahaba," mguu ukiwa juu. Nilimpenda sana mwanamke huyu dakika hiyo, na nazi zote.

Kisigino kile kilikuwa kinachubuka kwa sababu kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya buti. Dawa yake haikuwa kukaza kamba zote mpaka damu isipite. Dawa ni ya juu tu: kamba ya kila upande unaipitisha kwenye tundu la mwisho la upande uleule, ikaacha kitanzi kidogo, kisha kila kamba inavuka na kuingia kwenye kitanzi cha mwenzake, ndipo unavuta kwa chini na kufunga. Kisigino kinakaa kitako. Vidole vinabaki huru. Meneja, mwanetu wa katikati, ndiye aliyeelewa wa kwanza, na tangu hapo viatu vyake vya shule vinafungwa hivyo, na asubuhi tunachelewa.

Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa na kesi yake. Pale buti lilimbana kwenye mfupa, na kutembea peke yake hakukutosha. Tukampelekea fundi viatu aliye chini ya mwarobaini karibu na stendi. Fundi hakuuliza mengi. Alimwambia Mwalimu asimame na buti mguuni, akapapasa ngozi kwa kidole mpaka akaupata mfupa, akatia alama ya chaki. Buti lilipovuliwa akalowesha ngozi kwa ndani pale penye alama, akaingiza mti wake uliochongwa umbo la mguu, wenye nundu ndogo ubavuni, akaukaza kwa kabari, akasema tuje kesho. "Upana nitakuongezea," akasema. "Urefu siwezi, na anayekwambia anaweza ni mwongo." Siku ya pili mfupa ukawa umepata chumba chake.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda. Kisha Injinia akazungumza na mgeni hotelini.

Mgeni huyo, kutoka Austria, alikuwa mtu wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao, na akamweleza jinsi mabuti yao yanavyozoezwa. Yana kiatu cha pili cha sponji ndani yake. Dukani hukitia joto kikalainika, mteja akavaa na kusimama kimya mpaka kipoe, na kikipoa kimekwisha kuchukua umbo la mguu wake. Hayo yote ni kweli. Injinia akaja nyumbani sisi hatupo, akayachukua mabuti ya ngozi ya dada yake, akayapandisha juu ya mabati saa sita mchana.

Sponji ile imetengenezwa ipikwe kwa kipimo. Ngozi haikutengenezwa hivyo. Joto kali huikausha ikakakamaa na kupasuka, na gundi inayoshika soli huyeyuka. Tuliporudi, mpira wa mbele wa buti la kushoto ulikuwa umefumbua mdomo, na ngozi inagonga ukiipiga kwa kucha. Mwalimu hakupiga kelele. Alimwita mdogo wake kwa jina lake kamili, la baba na la babu, na sisi wengine tukatoka nje. Fundi wa mwarobaini akakwaruza gundi ya zamani, akapaka mpya, akabana kwa mpira wa baiskeli, akashona na pembeni.

Usiku huo, baada ya kula, Mwalimu aliwasimulia watoto habari za Philip Boit, na Injinia akasikiliza kutoka mlangoni. Boit alikuwa mkimbiaji wa kwetu Kenya. Theluji aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland kujifunza kuteleza kwa mbao za miguuni akiwa mtu mzima. Mwaka 1998 akashindana katika Olimpiki ya Nagano, mbio za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hakimu akauliza: "Na viatu alivizoezea wapi?" Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Injinia, kwa kufurahi kwamba amesamehewa, akaapa mtoto wake wa kwanza atamwita Dæhlie. Bi Mkubwa akamwambia aoe kwanza, halafu jina la mjukuu wake atalitoa yeye.

Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa ameiona ngozi ilivyokauka, na moyo ukamuuma. Usiku, wenyewe tumelala, akayapaka mafuta ya nazi, ya kukuna mwenyewe, kwa wingi wa mapenzi, na dua juu yake. Asubuhi mabuti yalikuwa meusi, laini, na yamejaa sisimizi. Mafuta kidogo ya ngozi yanafaa, hasa baada ya jua kama lile. Yakizidi, ngozi hulegea ikashindwa kushika kifundo cha mguu, na kwenye kokoto za Lenana kifundo kinahitaji kushikwa. Mwalimu akayafuta kwa kitambaa kikavu siku nzima, taratibu, mbele ya mama yake, akisema, "Ahsante mama, sasa yamelainika." Baadaye akapaka nta ya viatu, kidogo, kuzuia maji.

Jaribio kubwa lilikuwa Shimba Hills. Tulipanda matatu hadi Kombani, kisha Kwale, familia nzima, na mzigo wa Mwalimu ukiwa pakiti za unga. Mteremko wa kwenda maporomoko ya Sheldrick unashukwa pamoja na askari wa wanyamapori, kwa sababu tembo ni wengi, na njiani tuliwaona palahala, wale swala weusi wenye pembe zilizopinda nyuma, ambao hapa Kenya makao yao ni milima hii tu. Mwalimu hakuwatazama sana. Alikuwa anasikiliza vidole vyake. Kupanda hakuumizi vidole; kushuka ndiko kunakotoa kucha, kwa kuwa mguu mzima huteleza mbele na vidole hugonga ukuta wa kiatu hatua baada ya hatua. Kabla ya mteremko alisimama, akagonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, akafunga kamba upya. Kucha alikuwa amezikata jana yake. Kurudi, mzigo wa unga ulihamia kwangu, na Kasuku akahamia juu ya mzigo.

Agosti akaenda. Tulikaa na Bi Mkubwa na sheria za friji, tukila wali wa kukauka. Alipopiga simu kutoka Nanyuki, neno la kwanza lilikuwa, "Kucha zote zipo." La pili, kwamba amesimama Lenana jua linachomoza, na barafu ya Lewis ameiona chini yake, ndogo kuliko anavyoichora. Shule ilipofunguliwa alimwita yule mtoto wa dawati la nyuma mbele ya darasa akamjibu swali lake.

Mabuti yalirudi na tope hadi kwenye ulimi. Injinia alifukuzwa karibu nayo. Mwalimu aliyapiga brashi, akayaosha kwa maji baridi, akatoa soli za ndani na kamba, akayajaza magazeti na kubadilisha magazeti kila yakilowa, akayaweka kivulini penye upepo. Huku kwetu kiatu kikifungiwa kwenye mfuko wa nailoni huota kuvu kabla ya wiki kwisha, kwa hivyo yanakaa wazi, chini ya kitanda chetu, upande wangu. Na kwa kuwa sponji huoza kwa kulala, kila Jumamosi anayavaa kwenda sokoni. Sheria ya mkeka imefutwa kwa kura. Mimi peke yangu niliiunga mkono.

Mvua za vuli zilipoanza, Bi Mkubwa aliyaomba siku moja kwenda kwenye shamba lake la mihogo Msambweni, kwenye ule mteremko anaoanguka kila mwaka. Yalimzidi, akayavaa kwa soksi mbili, akafunga kamba kwa vile vitanzi alivyoonyeshwa na Meneja, akarudi jioni hajateleza hata mara moja. Hakusema kitu. Alikula, akanawa, akaja sebuleni, akanyoosha mguu wake mbele yangu, akaniuliza kama kweli mguu huvimba jioni, na hilo duka la Mombasa hufungwa saa ngapi.